Saline Gottorp kwenye ramani ya Mjerumani: historia ya chumvi ya Ruchugi inatafutwaje?

Bonde_la_Ruchugi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ramani ya Mjerumani ya 1:300,000, ile ya Sprigade na Moisel, ukiufuata mto Malagarasi kwenda magharibi hadi unapopokea mto Ruchugi kutoka kaskazini, utakuta neno "Saline" na jina Gottorp. Ramani za leo hazina jina hilo. Zina Uvinza: stesheni ya reli ya kati na mgodi wa chumvi. Na tunajua kwamba chumvi ya hapo ni ya kale kuliko Mjerumani, kwa sababu Burton na Speke walipita hapo mwaka 1858 wakienda Ujiji, na tayari ilikuwa biashara kubwa.

Naomba msaada kwa haya:

Gottorp ndiyo mgodi wa leo, au palikuwa mahali pengine jirani?

Sehemu ambazo watu walichemshia chumvi kabla ya kampuni zinatambulikaje ardhini?

Nyaraka zake nianze kuzitafuta wapi: Kigoma, Dar es Salaam au Ujerumani?

Na kama kuna kijichemchemi ambacho maji yake bado yana chumvi, kuna kipimo rahisi cha kujua kama kiliwahi kufaa kwa kazi hiyo?

---

Karani_wa_Majalada

Mkuu, swali la kwanza ni jepesi. Gottorp ni jina la kiwanda cha chumvi kilichoanzishwa na kampuni ya Kijerumani, Central-Afrikanische Seengesellschaft, mwanzoni mwa karne ya 20, na mgodi wa Uvinza ndio mrithi wake. Jina liliondoka na Wajerumani. Lakini usihitimishe kwamba kila kitu cha kale kimo ndani ya uzio wa mgodi. Kampuni hujenga panapofaa mitambo, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilivuta shughuli upande wake. Wachemshaji wa zamani walifuata maji na kuni.

Kuhusu nyaraka, kosa la kwanza la watu wengi ni kutafuta kwa tahajia moja. Mjerumani aliandika alivyosikia kwa herufi za kwao: v ikawa w, ch ikawa tsch. Kwa hiyo Ruchugi utaikuta "Rutschugi", Malagarasi ni "Mlagarassi", na Uvinza jaribu "Uwinsa" na "Uwinza". Waingereza wa karne ya 19 waliandika "Malagarazi" na "Rusugi". Andika orodha ya tahajia zote kabla ya kugusa faharasa yoyote. Maneno ya Kijerumani ya kutafutia ni Salz (chumvi), Saline (kiwanda cha chumvi), Sole (maji ya chumvi), Salzquelle (chemchemi ya chumvi) na Siederei (mahali pa kuchemshia).

Kosa la pili ni kusahau nani alitawala lini. Kigoma na Ujiji haikutoka mkononi mwa Mjerumani ikaingia moja kwa moja kwa Mwingereza. Wabelgiji waliichukua mwaka 1916 wakaishika hadi 1921. Mtu anayetafuta Dar es Salaam majalada ya miaka hiyo mitano hukuta pengo akadhani yamechomwa moto, kumbe utawala huo uliandika kwa Kifaransa na karatasi zake zilifuata njia ya Ubelgiji. Nyaraka za Kiafrika zilizokuwa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya huko zimekuwa zikihamishiwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, Brussels. Huko neno lako ni "saline" tena, na "sel".

Kwa hiyo gawanya kazi kwa vipindi:

Kabla ya 1890 hivi: maandishi ya wasafiri (Burton na Speke 1858, Stanley 1871, Cameron 1874) na shajara za misheni. White Fathers (wamisionari Wakatoliki) walifika upande wa Ujiji mwaka 1879, na nyaraka zao kuu ziko Roma.

Enzi ya Mjerumani: Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mfululizo wa majalada yanayoanza na herufi G. Ya upande wa Berlin ni fungu R 1001 la wizara ya makoloni katika Nyaraka za Shirikisho, na sehemu kubwa ya fungu hilo inasomeka mtandaoni bila malipo. Kamusi ya makoloni iliyotolewa na Heinrich Schnee mwaka 1920 nayo imewekwa mtandaoni na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Itazame mapema, kwa sababu maingizo yake mafupi hukupa tahajia rasmi na jina la kampuni.

1916 hadi 1921: Brussels.

Baada ya hapo: majalada ya sekretarieti na ya jimbo, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza waliandikia historia ya watawala wa jadi, mipaka, kodi na mila. Kumbuka kutafuta chini ya Kigoma, maana wilaya ya Uvinza imeanzishwa mwaka 2012 tu. Hakuna jalada la mkoloni lenye kichwa "Wilaya ya Uvinza".

Jambo la mwisho, na ndilo lenye mavuno kuliko yote: usiombe majalada ya "chumvi" peke yake. Chumvi imejificha ndani ya misitu (kuni), ushuru, vibarua, leseni za madini, na mizigo ya reli. Karani wa zamani alifungua jalada kwa shauri lililokuwa mezani kwake, na mara nyingi shauri lenyewe lilikuwa miti inayokwisha au vibarua waliotoroka.

---

Ramani_Mezani

Nyongeza kwenye ramani, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea wakiwa wanajiamini.

Kwenye kipimo cha 1:300,000, milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhi. Alama ya Saline yenyewe ina upana wa milimita moja au mbili. Kwa hiyo ramani ile inakupeleka kwenye eneo, haikupeleki kwenye shimo. Anayeichora juu ya picha ya setilaiti kisha akasema "Gottorp ilikuwa hapa chini ya mwembe huu" anadai zaidi ya kile ramani inachoweza kutoa.

Ukitumia QGIS (programu ya ramani ya kompyuta) kuilaza juu ya ramani ya leo:

Chukua angalau pointi 6, bora 10 (mahali panapotambulika kwenye ramani zote mbili), zilizotawanyika pande zote za karatasi. Usizirundike karibu na mahali unapopatafuta.

Usitumie mikondo ya Malagarasi kama pointi. Mto ule unatanda kwenye mabwawa na kona zake huhama. Tumia vilele vya vilima, na makutano ya mito penye kingo za mwamba.

Anza na badiliko la daraja la kwanza, linalosogeza, kugeuza na kunyoosha ramani nzima kwa pamoja. Ukikimbilia lile linalovuta ramani kama mpira, kosa lililobaki litasoma sifuri na utafurahi bure: limelazimishwa kupita kwenye kila pointi, hata ile uliyoibandika vibaya.

Kisha njoo kwenye ramani za Tanzania za 1:50,000 kutoka Idara ya Upimaji na Ramani. Hizo zinatumia datumu (msingi wa kuhesabia kodineti) ya Arc 1960, wakati GPS ya simu inatumia WGS 84. Ukichukua kodineti za moja ukazisoma kwenye nyingine, unahama karibu mita 300. Kwenye QGIS chagua mfumo wenye namba EPSG:21036 kwa ramani ya karatasi, na EPSG:32736 kwa kodineti za GPS zilizosomwa kwa UTM (mfumo wa kodineti za mita unaoigawa dunia katika kanda).

Na hapa pana mtego wa mahali penyewe. Mpaka wa kanda za UTM ni longitudo 30 mashariki. Mji wa Kigoma uko kanda ya 35, Uvinza iko kanda ya 36. Ukipanga kifaa ukiwa Kigoma mjini ukafanya kazi yote bila kubadilisha kanda, namba zako hazitalingana na ramani ya Uvinza. Dawa ni kuandika latitudo na longitudo kwa desimali 5 kwenye daftari, na UTM uiache kwa ajili ya kuchora baadaye.

---

Vigae_na_Jivu

Nichukue swali la ardhini.

Uvinza si mahali pasipochunguzwa. John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967, na matokeo yao yalichapishwa 1968 katika jarida la Azania la Nairobi. Walionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa kwenye chemchemi zile tangu karibu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Soma kazi hiyo kabla hujatia mguu porini. Itafute pia Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki.

Cha kujua kwanza ni kwamba kuna njia mbili za kale, na kila moja inaacha alama yake.

Ya kwanza ni ya Uvinza: maji yanatoka ardhini yakiwa tayari na chumvi nyingi, yanachotwa na kuchemshwa moja kwa moja. Alama zake ni jivu kwa wingi, udongo ulioungua ukawa mwekundu, mawe ya mafiga, na vigae vya vyungu kupita kiasi cha kijiji cha kawaida. Chungu cha chumvi hakidumu: chumvi hupenya ukutani, hukaza, na moto wa kila siku hukipasua.

Ya pili ni ya Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, ambako Brian Fagan na John Yellen walichimba mwaka 1966 wakakuta kazi ya karne ya 13 hadi ya 15. Huko hukwanguliwa udongo wenye chumvi wakati wa kiangazi, ukamiminiwa maji ndani ya kichujio, na maji yaliyochujika ndiyo yanayochemshwa. Njia hii inaacha kitu ambacho ya kwanza haiachi: vilima vya udongo uliokwisha kuchujwa na kutupwa. Kibiro, kwenye Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wanachuja udongo kwa ustadi wa namna hiyo hadi leo, na ukitaka kuelewa kinachofanyika ni vizuri kutazama picha za huko. (Ukitafuta "Ivuna" mtandaoni, nusu ya majibu yatakuwa ya kimondo kilichoanguka huko Desemba 1938. Ongeza neno "chumvi" au "Rukwa".)

Kwa hiyo ukikuta kilima karibu na chemchemi, usikimbilie kukiita kichuguu au kaburi. Tazama mmomonyoko wa mvua ubavuni: ni jivu na vigae, au ni udongo mtupu wenye tabaka jembamba jembamba?

Makosa ya kuepuka:

Kuchanganya na tanuri la chuma. Ukiona mavi ya chuma, mazito na meusi yenye vitundu, hapo palifuliwa chuma. Vinaweza kuwa pamoja, lakini viandike mbali mbali.

Kudhani kigae kinene ndicho cha kale. Unene unafuata kazi ya chungu. Kinachosaidia kwa umri ni mapambo na umbo la mdomo. Katika nchi za Maziwa Makuu, vigae vyenye alama za kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi kwa kawaida ni vya baadaye kuliko vile vya Enzi ya Chuma ya Mwanzo, vyenye michirizi na midomo iliyokatwa pembe.

Kuokota mkaa juu ya ardhi ukidhani utapimwa umri. Mkaa usio na tabaka lake hausemi chochote. Unaweza kuwa wa mchoma mkaa wa mwaka jana.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usichimbe, hata kwa kijiko. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji leseni. Zaidi ya sheria, shimo moja la mtu mwenye shauku huvuruga tabaka ambazo haziwezi kurudishwa. Weka rula au kalamu pembeni ya kigae, piga picha kwa juu na kwa ubavu, andika kodineti, kirudishe kilivyokuwa kimelala. Kisha mjulishe afisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale. Na sehemu iliyo ndani ya mgodi ni mali ya watu wanaofanya kazi, kwa hiyo ruhusa ya maandishi kwanza.

---

Mizani_na_Moto

Kipimo cha maji, swali la nne.

Nenda mwishoni mwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Masika mto unapanda na kuyachanganya maji, na utapata namba ndogo isiyo na maana. Chota pale yanapotokea, si kwenye dimbwi, kwa sababu dimbwi limekwisha kaangwa na jua. Chupa isuuze mara tatu kwa maji yale yale.

Pima sufuria tupu kwenye mizani ya kusoma gramu moja au chini yake. Tia mililita 250. Chemsha kwa moto mdogo, na yakikaribia kukauka ondoa kwenye moto umalizie juu ya mchanga wa moto. Ukiharakisha, chumvi itaruka nje na kipimo kitashuka. Pima, pasha moto tena dakika 20, pima tena, hadi uzito usibadilike. Gramu ulizopata zidisha kwa 4: hizo ni gramu kwa lita.

Kwa kulinganisha, maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa yana zaidi kidogo ya 310.

Sasa hesabu ya kuni, maana ndiyo inayoamua kama mahali palifaa. Moto wa mafiga wazi unatumia vizuri kama sehemu 12 kwa 100 ya nguvu ya kuni. Kwa hiyo kukausha lita moja ya maji kunakula karibu kilo moja na nusu ya kuni kavu. Maji yenye ukali wa bahari yanakutaka uchemshe karibu lita 29 kupata kilo moja ya chumvi: kuni kilo 40 na zaidi. Maji ya gramu 150 yanataka lita 7 hivi: kuni kilo 9 au 10. Chemchemi ya gramu 10 hakuna mtu angeichemsha moja kwa moja. Watu wangelamba, ng'ombe wangekunywa, au udongo wake ungekwanguliwa baada ya jua kuukausha. Hapo unarudi kwenye njia ya pili ya mkuu Vigae, na hivyo unatafuta vilima vya kuchujia.

Hii pia ndiyo sababu Karani amesema utazame majalada ya misitu. Tani moja ya chumvi, hata kwenye chemchemi kali, ni karibu tani kumi za kuni.

Kalamu za kidijitali za kupima chumvi zinazouzwa madukani nyingi huishia karibu gramu 10 kwa lita. Ikikupa namba ya mwisho kabisa, hiyo siyo jibu, imefika kikomo. Changanya sehemu 1 ya maji yako na 19 za maji ya mvua, pima, zidisha kwa 20.

Halafu hakikisha ni chumvi ya mezani. Dondoshea masalia matone ya ndimu au siki. Yakitoa povu kwa nguvu una magadi. Yakitoa kidogo, huenda ni chokaa. Yasipotoa, na ladha ni ya chumvi safi, vizuri. Ladha ikiwa chungu na masalia yanalowana yenyewe usiku, kuna magnesi nyingi.

---

Mama_Simulizi

Hamjagusa wazee, na haifai kuwaacha mwisho.

Mwanangu Bonde, mzee wa miaka 85 leo amezaliwa karibu 1940. Hakuiona Gottorp. Anachoweza kukupa ni alichosikia kwa babu yake, na alichokiona mwenyewe cha mgodi wa enzi ya Mwingereza. Vitenganishe kwenye daftari: andika kando ya kila sentensi "aliona" au "alisikia, kwa nani".

Usiulize "chumvi ilianza lini". Hilo linaita jibu la heshima, si la kumbukumbu. Uliza vitu vya mkono: Vyungu vilifinyangwa na nani, na udongo ulitolewa wapi? Kuni zilikatwa upande gani wa mto? Mgeni kutoka Unyamwezi au Uha alitoa nini kwa mwenye nchi kabla ya kuchota? Chumvi ilifungwa kwa majani gani? Nani hakuruhusiwa kukaribia? Majina ya mahali yatatoka yenyewe humo ndani, na ndiyo yatakayokupeleka kwenye chemchemi ambazo ramani haina.

Tembea na mzee hadi mahali penyewe kama miguu inaruhusu. Akiwa sebuleni atasema "kule", akiwa njiani atasimama.

Jihadhari na simulizi iliyorudi. Mwalimu alisoma kitabu, akafundisha, mwanafunzi akawa mzee, sasa anakusimulia kitabu. Dalili yake ni mwaka kamili au jina la Mzungu likitamkwa kama lilivyochapishwa. Tafuta habari ile ile kwa koo tatu zisizo na undugu: Wavinza, Waha na Watongwe wasikilizwe kila mmoja kwao. Zikitofautiana, ziandike zote tatu. Usizisuluhishe.

Ruhusa ya kurekodi iombwe na isikike ndani ya rekodi yenyewe, na nakala ibaki kwa familia.

---

Bonde_la_Ruchugi

Shikamoo mama, na asanteni sana wakuu. Moja limebaki: maandishi ya zamani yanataja frasila, mizigo, rupia, pesa na heller. Nalinganishaje miaka?

---

Karani_wa_Majalada

Frasila ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. "Mzigo" si kipimo: ni kile mpagazi alichobeba, kwa kawaida kama kilo 30, lakini mzigo wa chumvi uliofungwa kienyeji unaweza kuwa pungufu sana. Usiugeuze kuwa kilo kwenye jedwali. Uache "mizigo".

Fedha: hadi 1904 rupia ya Mjerumani iligawanywa pesa 64. Kuanzia 1904 ikawa heller 100, na rupia 15 zililingana na mark 20. Kwa hiyo ushuru wa "32" wa mwaka 1902 na wa "32" wa 1906 si kitu kimoja: wa kwanza ni nusu rupia, wa pili ni chini ya theluthi. Majalada ya Wabelgiji yatakuwa na faranga. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, mwaka ule ule Mwingereza alipoichukua Kigoma, na ndiyo utakayoikuta kwenye vitabu vya wilaya. Daima nakili namba na kitengo kama vilivyo kwenye karatasi, na hesabu yako iweke safu ya pembeni, ili atakayekuja baada yako aweze kuikosoa.